Dola Iliyosimama kwa Mahindi na Maharage

Mtu wa Afrika Mashariki anayepika makande mjini Buffalo, jimbo la New York, anapika chakula kilichowahi kubeba dola nzima katika jimbo hilo hilo.

Kabla ya Wazungu kulowea huko, mataifa matano, yaani Mohawk, Oneida, Onondaga, Cayuga na Seneca, yaliacha kupigana yakaunda shirikisho lenye baraza moja huko Onondaga. Wafaransa waliwaita Iroquois. Wenyewe ni Haudenosaunee. Mwaka 1722 wakaongezeka Tuscarora. Machifu waliteuliwa na akina mama wa koo, na mashamba yalikuwa ya wanawake.

Shambani ndiko nguvu ilikotoka. Mahindi, maharage na maboga vilipandwa pamoja. Bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi ya maharage hunasa nitrojeni ya hewani, na majani mapana ya maboga huzuia magugu na kutunza unyevu. Protini ya mahindi ina asidi amino ya lisini kidogo. Maharage yanayo tele. Mahindi yalichemshwa kwa majivu ya kuni, na majivu huachilia niasini ili mwili uipate. Kwingineko duniani, maskini walioishi kwa mahindi bila maarifa hayo walikufa kwa pelagra, ugonjwa wa ukosefu wa niasini. Plau hawakuwa nayo, na hilo liliwafaa, kwa kuwa mboji ilidumu udongoni. Jane Mt. Pleasant, mtaalamu wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Cornell, alikadiria kwamba eka yao ilitoa nafaka mara tatu hadi tano ya eka ya ngano ya Ulaya ya enzi hizo.

 Anguko la dola hiyo halikuletwa na ukame wala mafuriko. Ndui iliwaua kuanzia miaka ya 1630, kisha vita vya uhuru wa Marekani vikawagawa. Mwaka 1779 George Washington alimtuma Jenerali John Sullivan kuangamiza vijiji na mazao. Vijiji zaidi ya 40 vilichomwa, mahindi yakateketezwa, hata miti ya matunda ikakatwa. Maelfu walikimbilia Fort Niagara, na baridi kali na njaa vikawaua wengi. Waseneca waliojijenga upya Buffalo Creek, penye Buffalo ya leo, walinyang'anywa ardhi kwa mikataba ya 1838 na 1842. Mkataba wa kwanza ulijaa rushwa.

Hata hivyo, kusema wametoweka ni kosa. Baraza lao lingali linakutana Onondaga. Uliye Buffalo, nenda Ganondagan, karibu na Victor, palipokuwa na mji wa Waseneca ulioteketea Wafaransa walipouvamia mwaka 1687. Leo mahindi yao meupe yanatayarishwa na kuuzwa hapo.