Rangi Juu ya Mnyama: Usalama wa Mifugo katika Mashindano ya Mavazi

Maonyesho ya kilimo yanayofanyika kila mwaka katika wilaya nyingi za Marekani yana shindano moja linalopendwa sana na watoto, nalo ni shindano la mavazi, ambapo kijana huingia uwanjani amevaa kama mhusika fulani, huku mbuzi, kondoo au lama wake, yaani mnyama wa Amerika ya Kusini wa jamii ya ngamia, akiwa amepambwa ili alingane naye. Wengi wa washiriki hutoka katika vilabu vya 4-H, vuguvugu ambalo chimbuko lake ni jimbo la Ohio mwaka 1902, na ambalo vilabu vya 4-K vya shule za Kenya viliundwa kwa mfano wake. Pale kitambaa kinaposhindwa kukidhi ubunifu wa washindani, rangi hushika nafasi yake: mbuzi mweupe huchorwa milia ya pundamilia, kondoo hufanywa wa waridi, na nguruwe hutiwa madoa ya chui.

Swali ambalo watu hujiuliza kabla ya kumpaka mnyama rangi ni kama rangi hiyo ina madhara kwa ngozi ya binadamu, na swali hilo halitoshi, kwa sababu binadamu hajilambi. Ng'ombe hujilamba na kumlamba ndama wake, mbuzi hutafuna chochote kilicho karibu, ikiwa ni pamoja na manyoya ya mwenzake, naye kuku huyapitisha manyoya yake mdomoni unyoya kwa unyoya akiyapaka mafuta yatokayo kwenye tezi iliyo juu ya mkia. Kwa hiyo chochote kinachopakwa nje ya mwili wa mnyama hakina budi kuhesabiwa kuwa ni chakula chake cha siku hiyo. Kipimo hicho peke yake kinaondoa rangi zote za mafuta za kupakia kuta na magari, ambazo huyeyushwa kwa tapentaini au petroli, vitu vinavyochoma ngozi na kudhuru mapafu kwa mvuke wake, na ambazo huenda zikawa na risasi, madini yanayofahamika kuwasumisha ng'ombe wanaolamba mbao na makopo yaliyopakwa rangi za zamani.

Hatari nyingine zimejificha ndani ya vitu ambavyo mfugaji wa Afrika Mashariki anaviona kila siku. Mrututu, ile chumvi ya shaba yenye rangi ya buluu ya kuvutia ambayo wakulima wa kahawa wameitumia kwa miaka mingi kupambana na magonjwa ya kuvu, unaweza kumshawishi mtu anayetafuta buluu ya haraka, lakini kondoo ndiye mnyama wa mwisho anayepaswa kukaribiana nao. Mwili wa kondoo huondoa shaba kwa taabu kuliko ule wa ng'ombe, hivyo madini hayo hujilimbikiza katika ini kwa wiki au miezi bila dalili yoyote, mpaka siku ini linapozidiwa na kuyaachia kwa ghafla katika damu, seli nyekundu zikapasuka, mkojo ukawa mwekundu uliokoza au mweusi, na mnyama akafa kabla mwenyewe hajaelewa kilichotokea.

Hina na piko nazo zinastahili kuzungumziwa kwa urefu, kwa kuwa katika miji ya mwambao kama Mombasa, Lamu na Zanzibar ni mapambo ya kawaida ya harusi na sikukuu. Hina halisi ni majani ya mmea yaliyosagwa, nayo hutoa rangi nyekundu inayoelekea hudhurungi. Nchini Uturuki kondoo wa kuchinjwa wakati wa Idi hupakwa hina hiyo kichwani au mgongoni bila kudhurika. Piko nyeusi, kwa upande wake, aghalabu hutegemea parafenilindiamini, kemikali inayotumiwa katika rangi nyingi nyeusi za nywele, ambayo huweza kuacha malengelenge na makovu kwenye ngozi na ambayo ikimezwa huvimbisha koo na kuharibu figo. Milia myeusi ya pundamilia juu ya mbuzi mweupe, basi, isichorwe kwa piko wala kwa rangi ya nywele ya dukani, hata kama dada wa saluni huipaka kila wiki.

Wapo pia wanaokimbilia kabati la dawa. Dawa ya zambarau ya vidonda, ambayo wengi huiita GV, hukaa kwenye manyoya kwa muda mrefu, lakini Tume ya Codex, chombo cha pamoja cha FAO na WHO kinachoshughulikia viwango vya chakula, imezishauri nchi kuzuia mabaki yake yasifike katika chakula cha watu. Dawa ya buluu ya kupuliza ambayo maduka ya pembejeo huuza kwa ajili ya vidonda vya mifugo mara nyingi ina oksitetrasaiklini, ambayo ni antibayotiki, na buluu yake imewekwa ili mfugaji aone mahali alipokwisha kupuliza. Kuimaliza kwa mapambo ni kuipa bakteria nafasi ya kuizoea dawa.

Baada ya kuviondoa hivyo vyote, vinavyobaki ni vichache na rahisi kupatikana: rangi ya chakula iliyotiwa katika maji, unga laini wa mahindi uliochanganywa na rangi hiyo kisha ukakaushwa, chaki isiyo na sumu, rangi za maji za watoto zinazofulika, na rangi maalumu za kuwekea kondoo alama. Rangi ya chakula ina tabia moja inayopaswa kufahamika. Sufu na nywele zimejengwa kwa protini iitwayo keratini, na rangi nyingi za chakula hushikamana na protini hiyo kwa nguvu panapokuwa na asidi na joto. Ndiyo maana wafumaji huchemsha nyuzi za sufu katika maji yenye siki ili zishike rangi. Anayetaka rangi itoke jioni ileile asitie siki wala ndimu, wala asitumie maji ya moto, na bado ajue kwamba manyoya meupe yanaweza kubaki na kivuli cha rangi kwa majuma kadhaa.

Upakaji wenyewe huanza siku mbili kabla ya maonyesho, kwa tone la rangi kwenye sehemu ndogo ya shingo au ubavu, na ngozi hukaguliwa baada ya saa 24 na tena baada ya 48 kama imekuwa nyekundu, imevimba au inamwasha. Siku yenyewe, brashi au sifongo ni bora kuliko chupa ya kupuliza, kwa kuwa mbuzi hushtushwa na mlio wa kupuliza na matone hurukia macho na pua. Macho, pua, mdomo, kiwele, sehemu za siri na kidonda chochote, hata mkwaruzo, viachwe wazi. Rangi nzito isifunike mwili mzima, kwani huzuia hewa kupenya katika manyoya, na weusi juani hunyonya joto. Mbuzi mzima huwa na joto la kama nyuzi 39 za Selsiasi, na akianza kuhema mdomo wazi huku ameinamisha kichwa, shindano lake limekwisha na mahali pake ni kivulini penye maji. Nguruwe, ambaye takriban hatoki jasho na ngozi yake haina sufu ya kumkinga, apewe rangi kidogo zaidi kuliko wote. Kuku na bata ni afadhali wasipakwe kabisa: mapafu ya ndege huathirika upesi kwa vumbi na mvuke, na sabuni ya kuwaoshea huondoa mafuta yanayozuia maji kupenya katika manyoya ya bata.

Nchini India, wakati wa Mattu Pongal, siku ambayo wakulima wa Tamil Nadu huwaenzi ng'ombe wao kila Januari, rangi hupakwa hasa kwenye pembe, na desturi hiyo ina hekima, kwa kuwa ganda la nje la pembe halina uhai na mnyama haifikii kwa ulimi pembe yake mwenyewe. Kwato nazo zinafaa kwa sababu hiyohiyo ya kutokuwa na uhai, mradi ni kwa rangi ya maji, maana mbuzi hujikuna kichwa kwa kwato za nyuma.

Si kila mtu anakubali kwamba mnyama apakwe rangi hata iliyo salama. Nchini Uingereza, kondoo waliotiwa rangi ya waridi kwa ajili ya tamasha la muziki la Latitude wamekosolewa na chama cha kutetea wanyama cha RSPCA, na majimbo kadhaa ya Marekani yamepiga marufuku uuzaji wa vifaranga na sungura waliotiwa rangi, kwa kuwa wanunuzi huwachukua kama vitu vya kuchezea na kuwatupa rangi inapofifia. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na mwandaaji wa maonyesho ya kilimo ya Nane Nane anayetaka kuanzisha shindano la aina hii atafanya vyema kumhusisha daktari wa mifugo tangu hatua ya kuandika kanuni. Kanuni iliyo bora ni ile inayompa alama nyingi zaidi mshindani aliyetumia kanga, utepe na kofia ya karatasi, kwa kuwa vazi huvuliwa kwa dakika moja mnyama anapokosa raha, ilhali rangi hubaki.

Jioni ya shindano mnyama aoshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, asuuzwe mpaka maji yatoke safi, na akaushwe kabla baridi ya usiku haijaingia. Iwapo alipakwa kitu ambacho viambato vyake havifahamiki, maziwa yake yasinywewe na yeye mwenyewe asipelekwe machinjioni hadi daktari wa mifugo atakapotoa kauli.