Jahazi la Sentimita 40

Milingoti mitatu, mizinga 104, na kamba ambazo zikinyooshwa zinapita kilomita 40. Hiyo ni HMS Victory, manowari ya Kiingereza iliyoshushwa majini mwaka 1765 na kuhifadhiwa mpaka leo Portsmouth. Ni miongoni mwa meli zinazotamaniwa sana na watu wanaounda mifano ya vyombo vya matanga, na kijana anayeanza hushawishika kwa urahisi kununua sanduku la vipande vyake. Hapo ndipo mkosi unapoanzia. Kila mzinga unataka kigari chake na kila mlingoti unataka mafundo yasiyohesabika, na mtu ambaye hajawahi kupinda hata ubao mmoja hurudia kazi ileile mpaka hamu inamwisha kabla chombo hakijapata umbo.

Kwa kijana wa pwani ya Afrika Mashariki, chombo cha kuanzia kiko karibu zaidi. Jahazi la kawaida lina mlingoti mmoja, foromali moja, yaani mti wa kubebea tanga, na tanga moja kubwa. Kamba zake zinahesabika, na kila moja ina kazi inayoonekana. Zaidi ya hayo, jahazi mtu anaweza kuliendea na kuligusa. Matondoni katika kisiwa cha Lamu na Nungwi huko Unguja ni mahali panapojulikana tangu zamani kwa mafundi wa kuunda vyombo, na maji yakipwa chombo hulala ufukweni, mkuku wake wote, yaani uti wa chini wa chombo, ukiwa wazi.

Kazi ya kuunda vyombo vidogo ni ya kale sana. Katika kaburi la mfalme Tutankhamun wa Misri, lililogunduliwa mwaka 1922, vilikutwa vyombo vidogo 35 vya kumsafirisha katika maisha ya ahera. Karne ya 17, Waingereza walikuwa wakiunda mifano ya manowari zao kwa kipimo cha 1 kwa 48, sehemu ya chini ikiachwa bila mbao ili mataruma, yaani miti ya mbavu za ndani, yaonekane. Mafundi wa pwani yetu wao waliunda vyombo vikubwa bila mchoro wowote. Vipimo vilikaa machoni na mikononi, vikapita kutoka kwa fundi kwenda kwa mwanafunzi wake. Kwa sababu hiyo, kijana anayepima jahazi na kulichora ili aunde mfano wake anaandika jambo ambalo pengine halijapata kuandikwa popote.

Aanze kwa kuamua jahazi lipi. La Lamu na la Unguja hayafanani. Hanamu ya jahazi la Lamu, yaani mti wa mbele kabisa wa chombo, imesimama karibu wima, ilhali ya jahazi la Unguja imelala kwa mbele. Majahazi ya Lamu aghalabu huwa pia na macho, yaani vibao vya duara vilivyopambwa huku na huku kwenye omo, sehemu ya mbele ya chombo. Mfano unaochanganya hanamu ya huku na macho ya kule utatambuliwa papo hapo na mzee yeyote aliyewahi kusafiri baharini.

Kisha ni utepe wa kupimia, daftari, na ruhusa ya mwenye chombo. Kijana ampigie hodi, amwamkie kwa adabu, amweleze anachotaka kufanya. Vipimo vya lazima ni urefu wa chombo kutoka omo hadi tezi, yaani sehemu ya nyuma, upana wake katikati, kina chake, urefu wa mlingoti na wa foromali. Picha tatu zitasaidia sana: moja ya ubavuni, moja ya mbele na moja ya nyuma, mpiga picha akiwa amesimama sambamba na chombo ili umbo lisipotoke.

Hesabu inayofuata si ngumu. Jahazi la mita 12 likipunguzwa kwa kipimo cha 1 kwa 30 linakuwa la sentimita 40, saizi inayokaa vizuri mezani. Ubao wenye unene wa sentimita 3 unakuwa wa milimita 1. Nahodha mwenye kimo cha sentimita 170 anakuwa chini ya sentimita 6, na kipimo hicho cha mtu ni cha kuwekwa karibu wakati wote, kwa kuwa kosa la kawaida la anayeanza ni kufanya kila kitu kinene. Kikaragosi cha karatasi chenye kimo hicho kikisimamishwa kwenye sitaha kitaonyesha mara moja kama ukingo umepanda mno, au kama kana ya usukani imekuwa gogo ambalo hakuna mkono unaoweza kulishika.

Mwili wa chombo unaweza kuundwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuuchonga kutoka kipande kimoja, au kutoka mbao tatu nne zilizogundishwa kwa matabaka. Ya pili ni kusimamisha mkuku na mataruma, kisha kuvika mbao moja baada ya nyingine. Kwa mara ya kwanza, kuchonga kunatosha. Mbao laini iliyokauka vizuri, kama ya msufi au ya mwembe, hukubali kisu bila kupasuka ovyo.

Siri ya kuchonga ni kigezo. Kwenye mchoro huchaguliwa sehemu tano za mwili wa chombo, kutoka omo hadi tezi, na kila moja hukatiwa kigezo chake cha karatasi ngumu ya boksi kinachofuata mviringo wa ubavu. Kipande cha mbao huchorwa mstari wa katikati juu na chini, na mstari huo haufutwi mpaka mwisho. Kijana huchonga kidogo, hukiweka kigezo ubavuni, hukiinua chombo kuelekea dirishani na kutazama. Palipo na mwanga kati ya karatasi na mbao, pamekwisha kuliwa. Karatasi inapogota, bado kuna cha kuondoa. Kigezo kilekile hugeuzwa na kutumika upande wa pili, ndipo mbavu mbili zinapolingana. Kisu kifuate nyuzi za mbao. Kikizipinga, huzama na kung'oa bonge zima.

Atakayetaka kuvika mbao katika mfano wake wa pili ajue mambo mawili. Kwanza, vipande vyembamba hulowekwa katika maji ya moto, kisha hufungwa kuzunguka chupa mpaka vikauke vikiwa vimepinda. Kila kimoja hupunguzwa upana kwenye ncha, kwa kuwa ubavu wa chombo ni mpana katikati na hubana omoni. Pili, ubao wa kulia ukishawekwa, unaofuata uwe wa kushoto. Upande mmoja ukimalizwa kwanza, gundi inapokauka huuvuta mkuku wote ukapinda, na hakuna msasa utakaounyoosha.

Tanga linahitaji macho makali. Kwa mbali huonekana la pembetatu, na watoto wengi hulichora hivyo. Kwa karibu, majahazi mengi yana upande mfupi wa nne mbele, pale pembe ilipokatwa. Kitambaa cha marekani, kilichofuliwa na kupigwa pasi, kinafaa. Foromali nayo si mti mmoja: kwa kawaida ni miti miwili au zaidi iliyounganishwa na kufungwa kwa kamba, na kwenye mfano vijiti viwili vya mwanzi vilivyofungwa kwa uzi hutoa sura hiyohiyo. Henza huipandisha foromali, joshi huishika pembe ya mbele ya tanga, demani huitawala pembe ya nyuma. Kamba hizo zikiwekwa mahali pake, tanga la mfano hupanda na kushuka kama la kweli.

Wengi watataka kuliona likielea, na hapo hesabu huwa kali. Mfano wa 1 kwa 30 una tanga lenye eneo la sehemu moja ya 900 ya tanga halisi, lakini uzito wake ni sehemu moja tu ya 27,000. Upepo nao haupungui kwa ajili ya chombo kidogo. Ndiyo maana mfano uliopimwa sawasawa hupinduka kwa upepo ambao jahazi lenyewe lisingeuhisi. Dawa ni ileile ya manahodha, farumi, yaani uzito wa kukituliza chombo, ila iwekwe chini zaidi: chubwi za risasi zipangwe ndani kando ya mkuku, au chini yake ufungwe ubao wa kuchomolewa wenye risasi kwenye ukingo. Anayeshika risasi anawe mikono. Jaribio la kwanza lifanyike kwenye beseni, baada ya mbao kupakwa vanishi mara mbili tatu. Majahazi ya kweli hukingwa kwa sifa (mafuta ya samaki) na deheni (mchanganyiko wa chokaa na mafuta), vitu ambavyo havifai chumbani kwa ajili ya harufu yake.

Zana si nyingi: kisu kikali, msumeno mdogo, patasi, msasa mkavu wa aina mbili tatu, gundi ya mbao na jiriwa ya kubana. Jiriwa ndiyo ya kununua kwanza, kwa sababu ajali nyingi hutokea pale mkono mmoja unaposhika mbao na mwingine unaposukuma kisu kuuelekea. Mwenye umri mdogo afanye kazi ya kukata mbele ya mtu mzima.

Umuhimu wa vyombo hivi vidogo unaonekana vizuri zaidi kwa mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari, na kilichotumia tanga la ukili. Hakuna mtepe wa zamani uliobaki. Anayetaka kujua ulivyokuwa hutegemea maandishi, picha chache, na mifano kama ile iliyomo katika makumbusho ya Lamu na Fort Jesus, Mombasa. Mtepe wa ukubwa kamili uliowahi kuonyeshwa katika jumba la Beit al-Ajaib, Unguja, ulikuwa umeundwa upya.

Kwa hiyo jahazi likikamilika, kijana aandike chini yake aina ya chombo, mahali lilipoundwa lile halisi, jina la fundi kama ameridhia, vipimo vyote, kipimo cha kupunguzia na tarehe. Michoro na picha zitunzwe pamoja nalo katika bahasha. Kisha aanze ngalawa na matengo yake mawili, kwa kipimo kilekile cha 1 kwa 30, ili vyombo hivyo viwili vikiwekwa mezani vitofautiane kwa ukubwa kama vinavyotofautiana ufukweni.