Klasta Imejaa, Mashine Zimelala

Timu ya malipo inapandisha toleo jipya kwenye klasta ya Kubernetes inayotumiwa na timu kadhaa. Podi zinakwama kwenye Pending: CPU haitoshi. Ukifungua grafu za mashine, nyingi hazina kazi.

Sababu ni kwamba skejula haiangalii matumizi. Inajumlisha kile ambacho kila podi imeomba. Chukua mashine ya CPU 8 yenye huduma tatu, kila moja imeomba CPU 2.5. Zote kwa pamoja hazitumii hata CPU 1, lakini kwenye daftari 7.5 zimeshakwenda, na anayehitaji CPU 1 hapati nafasi. Ni basi ambalo viti vyake vimewekewa mikoba huku abiria wamesimama kituoni.

Ndiyo maana kuipa kila timu neimspesi yake na kuiwekea ResourceQuota ni mwanzo tu. Mgawo huo huzuia timu isipite kiwango chake, lakini hauihakikishii kwamba itakipata. Migawo ikizidi uwezo wa klasta, Kubernetes haikatai. Anayewahi ndiye anayechukua. Tena, ukishaweka mgawo wa maombi ya CPU na memori, podi isiyotaja maombi yake hukataliwa mlangoni, kwa hiyo weka LimitRange ijaze viwango vya kawaida.

Timu hazijazi maombi kwa uchoyo. Zinaogopa, na hofu yao ina msingi. Podi ikifika ukomo wake wa CPU hupunguzwa kasi. Ikivuka ukomo wa memori huuawa, na mtu anaamshwa usiku. Kwa hiyo mimi hushauri hivi: kwenye memori, ombi na ukomo viwe sawa, tena kwa ukarimu. Kwenye CPU, omba kadiri ya vipimo, na kwa huduma nyingi usiweke ukomo kabisa, kwa sababu mashine ikibanwa, kerneli hugawa CPU kwa uwiano wa maombi. Aliyeomba kwa haki hapunjwi.

Google walikutana na tabia hii kwenye Borg, mfumo uliozaa mawazo mengi ya Kubernetes. Katika andiko lao la mwaka 2015 walieleza kwamba timu zilinunua mgawo kupita mahitaji ili zijikinge na uhaba wa baadaye. Dawa yao mojawapo naipenda sana: kazi za kipaumbele cha chini kabisa zilipewa mgawo usio na kikomo, zikaokota mabaki.

Kwenye Kubernetes, kwa wazo kama hilo utaanza na PriorityClass, inayopanga kipaumbele cha podi. Kwa kazi za mafungu, kama kufundisha modeli, Kueue, mfumo wa foleni za kazi wa Kubernetes, huruhusu timu kukopa mgawo ambao jirani hautumii, na mwenyewe akiuhitaji, anaweza kuurudisha kwa kusimamisha kazi za mkopaji. Halafu kila wiki toa jedwali la maombi na matumizi ya kila timu, mahali ambapo timu zote zinaliona.