Ala ya Kale Haifufuki kwa Sifa Tupu

Wahenga walisema ya kale ni dhahabu. Sipingani nao, ila dhahabu iliyofukiwa ardhini haimfai mtu, na aghalabu wanaoifukia ni wale wale wanaoisifu. Ushahidi wangu hii leo ni muziki ambao wengi wetu hatujapata kuusikia: muziki wa vayoli wa Waingereza.

Vayoli si fidla, ingawa mgeni huweza kuzichanganya. Ina nyuzi sita, na shingoni hufungwa vipande vya utumbo wa mnyama vinavyomwonyesha mpigaji mahali pa kubonyeza, mithili ya gitaa. Iwe kubwa au ndogo, husimamishwa baina ya miguu, na upinde hushikwa kiganja kikitazama juu. Sauti yake ni nyororo, wala haina makeke. Mnamo 1540 Mfalme Henry VIII aliajiri wapigaji sita kutoka Italia, na baadaye ala hiyo ikaenea katika nyumba za wenye nacho. Huko ziliwekwa katika kasha, kwa kawaida sita: mbili za sauti nyembamba, mbili za kati na mbili nzito. Wenyeji na wageni wao walizipiga kwa kujiburudisha wenyewe, hata pasipokuwa na hadhira.

Sifa kuu ya muziki huo ni kwamba hauna bwana wala mtwana. Kila ala hupewa usemi wake, ikaujibu usemi wa jirani. John Taverner alikuwa ametunga muziki wa misa, na kipande kimoja cha misa hiyo, chenye maneno ya Kilatini "In nomine", kikawapendeza mno watunzi waliomfuata. Kwa zaidi ya miaka mia moja walishindana kutunga juu ya mahadhi yale yale, kama washairi waliopewa kibwagizo kimoja. Christopher Tye peke yake alitunga zaidi ya ishirini. William Byrd na Orlando Gibbons nao hawakubaki nyuma.

Kisha upepo ukageuka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilimuua William Lawes karibu na Chester mwaka 1645, akiupigania upande wa mfalme. Charles II aliporejea kutoka uhamishoni mwaka 1660, alipenda fidla na ngoma za mtindo wa Kifaransa. Mwaka 1680 kijana Henry Purcell, ambaye umri wake ulikuwa miaka ishirini hivi, alitunga fantasia za vayoli zilizo miongoni mwa tunu za sanaa hiyo, wakati ambapo soko lake lilikuwa limekwisha kufa. Hazikupigwa chapa hadi 1927.

Zilinusurika kwa nini? Kwa sababu ziliandikwa. Lakini maandishi peke yake ni mbegu ghalani. Mwishoni mwa karne ya 19 Arnold Dolmetsch, mzaliwa wa Ufaransa aliyehamia Uingereza, alianza kuzitengeneza ala hizo kwa mikono yake na kuzipiga pamoja na jamaa zake. Kundi la Fretwork, lililoanzishwa mwaka 1986, likapiga hatua nyingine: liliwaomba watunzi walio hai waandike kazi mpya. George Benjamin alitoa Upon Silence mwaka 1990, kwa sauti ya mwanamke na vayoli tano. Tan Dun, mzaliwa wa Uchina, naye akaitikia mwito.

Wapo wanaonung'unika kwamba huko ni kuichafua ala ya kale kwa sauti za kisasa. Naona wamekosea. Purcell alipotunga hakuwa akihifadhi chochote. Alikuwa akisema lake. Anayeizuia ala isiseme jipya anaiheshimu kama maiti inavyoheshimiwa.

Mwalimu mwenzangu, Purcell ana fantasia moja ya sauti tano ambamo mpigaji mmoja hushikilia noti moja tu tangu mwanzo hadi mwisho. Wenzake wanne hupanda na kushuka, hukimbia na kusita, naye hatikisiki. Ukimsikiliza peke yake utadhani hajui kitu. Mwondoe, na jengo zima litakosa nguzo. Ningependa kila darasa liisikilize fantasia hiyo walau mara moja, kisha wanafunzi waulizwe ni nani aliyefanya kazi kubwa zaidi.

Nanyi wanafunzi, mnapokabidhiwa cha kale, kiwe shairi au ngoma, msiridhike kukariri sifa zake. Jifunzeni kanuni zake barabara, kisha mkitumie kusema lenu. Kitu cha kale hakifi kwa kuguswa. Hufa kwa kuachwa kashani.