Nchi Ikitoka Katika Jumuiya, Nani Hulipa?



Mara kwa mara tunasikia redioni kwamba nchi fulani imetoka katika jumuiya yake, au inatishia kutoka. Wengi wetu husema, "Hayo ni mambo ya wakubwa, sisi yanatuhusu nini?" Yanatuhusu sana. Kutoka Pangani mjini hadi Tanga ni kama kilomita 50. Kutoka Tanga hadi Horohoro, mpakani na Kenya, ni kama kilomita 65. Basi mpaka uko karibu nasi kuliko Dar es Salaam. Mpaka ukiwa wazi, Mombasa ni soko la jirani. Ukifungwa, Mombasa inakuwa kama ng'ambo.

Jambo hili si la kubuni. Lilikwisha kutupata mwaka 1977. Wazee wanalikumbuka, lakini vijana wengi hawalijui. Tulieleze.

Jumuiya ya biashara ni nini?

Kila nchi ina forodha. Forodha ni ofisi ya serikali inayokagua mali inayoingia na inayotoka, na kutoza ushuru. Nchi zikiunda jumuiya ya biashara, hukubaliana kutotozana ushuru wa forodha zenyewe kwa zenyewe. Mali ya nchi za nje hutozwa ushuru ule ule katika nchi zote za jumuiya. Nchi ikitoka, jirani zake wana haki ya kuitoza kama mgeni.

Tufanye hesabu. Tuseme mnunuzi wa Mombasa ananunua kwetu nazi 1,000 kwa shilingi 400 kila moja. Jumla ni shilingi 400,000. Sasa tuseme ushuru unawekwa, shilingi 25 kwa kila shilingi 100 ya mali. Mpakani atadaiwa shilingi 100,000, yaani shilingi 100 kwa kila nazi. Je, atazitoa mfukoni mwake? Hapana. Kule Mombasa hawezi kupandisha bei, maana wapo wauzaji wengine wa nazi. Basi atarudi kwa mkulima na kumwambia, "Mzee, safari hii nitakupa 300." Ushuru umelipwa mpakani, lakini umetoka shambani.

Na kwa mali tunayonunua ni hivyo hivyo. Sabuni ikitozwa ushuru, mwenye duka huongeza bei. Anayelipa ni mama aliyekwenda kununua mche mmoja.

Jumuiya yetu ya kwanza

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Kampala mwezi Juni 1967. Ulianza kutumika tarehe 1 Desemba 1967. Nchi zilikuwa tatu: Kenya, Uganda na Tanzania. Makao makuu yalikuwa Arusha. Nchi hizo ziliendesha mashirika ya pamoja. Makao ya reli na ya ndege yalikuwa Nairobi, ya bandari Dar es Salaam, ya posta na simu Kampala. Bandari ya Tanga ilikuwa chini ya Shirika la Bandari la Afrika Mashariki.

Kwa nini ulivunjika umoja mzuri kama huo? Sababu zilikuwa nyingi.

Kwanza, faida haikuwa sawa. Kenya ilikuwa na viwanda vingi kuliko wenzake. Iliuza Tanzania na Uganda mali nyingi, nasi tuliiuzia kidogo. Mkataba ulijaribu kusawazisha. Uliruhusu nchi iliyo nyuma kutoza kodi maalum kwa baadhi ya mali za viwanda za mwenzake. Lakini malalamiko hayakwisha, wala hayakuwa ya bure.

Pili, siasa zilitofautiana. Tanzania ilifuata Ujamaa, Kenya ikawapa nafasi kubwa wenye mitaji. Tatu, Januari 1971 Idi Amin alimpindua Rais Milton Obote wa Uganda. Mwalimu Nyerere alikataa kukaa naye meza moja. Tangu hapo wakuu wa nchi tatu hawakufanya tena kikao cha Jumuiya. Shirika bila kikao cha wenyewe ni jahazi bila nahodha.

Mwanzoni mwa 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilisimama, na Kenya ikaanzisha shirika lake. Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Kufikia Julai mwaka huo Jumuiya ilikuwa imekwisha. Mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Hiyo ni zaidi ya miaka sita.

Kugawana jahazi

Fikirini watu watatu wenye jahazi moja. Mmoja anakaa na jahazi lenyewe, wa pili ana tanga na kamba, wa tatu anashika daftari la madeni. Siku wakigombana kila mtu hung'ang'ania alicho nacho. Jahazi halipasuliwi mapande matatu. Mwenye tanga hawezi kusafiri, na mwenye chombo vile vile. Wenye madeni nao wanagonga hodi kwa wote.

Ndivyo ilivyokuwa. Kila nchi ilishika kilichokuwa ndani ya mipaka yake. Katika Ziwa Victoria zilikuwapo meli mbili za kubeba mabehewa, moja ikiitwa Umoja na nyingine Uhuru. Umoja ikabaki Tanzania, Uhuru ikabaki Kenya. Kila nchi ikalazimika kuwa na reli yake, bandari zake, posta yake na ndege zake. Kazi iliyofanywa na ofisi moja sasa ilitaka ofisi tatu, wakurugenzi watatu na karakana tatu. Gharama hiyo ni kodi ya mwananchi.

Kenya nayo iliumia. Ilipoteza wanunuzi wengi wa mali za viwanda vyake, na malori yake hayakuweza tena kupita kwetu kwenda Zambia. Kwa upande wetu, miaka iliyofuata ilikuwa ya dhiki. Tusiseme dhiki yote ilitokana na mpaka, la. Palikuwa na vita vya kumwondoa Amin mwaka 1978 na 1979, na bei ya mafuta ya petroli ilipanda duniani. Lakini nchi yenye dhiki ikifungiwa na duka la jirani, dhiki huzidi.

Na mpaka ukifungwa, biashara haifi yote. Nyingine hugeuka magendo na kupita usiku. Magendo humfaa mwenye chombo na fedha za kuwanyamazisha watu. Mkulima mwenye magunia mawili hawezi. Akiuza, huuza kwa bei anayotajiwa, na akidhulumiwa hana pa kushtaki.

Hesabu zilichukua miaka saba. Mpatanishi alikuwa mwanadiplomasia wa Uswisi, Victor Umbricht. Makubaliano ya kugawana mali na madeni yalitiwa saini Mei 1984. Katika kila sehemu 100 za mali, Kenya ilipewa 42, Tanzania 32 na Uganda 26.

Wafanyakazi walisubiri zaidi. Watanzania waliotumikia reli, bandari, posta na ndege walidai mafao yao kwa miaka mingi. Mwaka 2005 ndipo serikali na wastaafu hao walipofikia makubaliano mahakamani. Hiyo ni miaka 28 baada ya Jumuiya kuvunjika. Kijana wa miaka 30 aliyefunga mizigo bandarini mwaka 1977, alikuwa mzee wa miaka 58. Wengine walikwisha kufa, na haki zao zikadaiwa na warithi.

Hata matajiri huumia

Msidhani hayo ni ya nchi maskini tu. Mwaka 2016 Waingereza walipiga kura kuhusu Umoja wa Ulaya. Karibu watu 52 kati ya 100 waliopiga kura walitaka kutoka. Nchi ilitoka rasmi tarehe 31 Januari 2020, na masharti mapya ya biashara yakaanza Januari 2021. Pande mbili zilikubaliana kutotozana ushuru wa forodha. Hata hivyo wauza samaki wa Scotland walipata taabu mwezi huo huo wa kwanza. Sasa kila mzigo ulitaka vyeti vya afya na karatasi nyingine nyingi. Malori yalichelewa, na samaki hangoji karatasi. Mvuvi wa Pangani haitaji kufundishwa jambo hilo.

Hali yetu ya leo

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifufuliwa kwa mkataba wa Novemba 1999, na umoja wa forodha ukaanza Januari 2005. Leo ina nchi nane: Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Somalia.

Safari hii mkataba umeweka utaratibu wa kutoka. Bunge la nchi lazima liamue kwa theluthi mbili ya wabunge wake wote, kisha nchi itoe taarifa ya maandishi ya miezi 12. Katika miezi hiyo inaendelea kutimiza wajibu wake. Mlango haufungwi usiku mmoja.

Ugomvi haujaisha. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa ajili ya sumukuvu. Baada ya siku chache ikayaruhusu tena kwa masharti. Tofauti na 1977 ni kwamba watu walizungumza.

Upo pia msaada kwa mfanyabiashara mdogo. Mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani anaweza kupata mpakani cheti rahisi cha uasili, yaani karatasi inayothibitisha kwamba mali imetoka katika nchi ya Jumuiya. Kwa mali zilizo katika orodha, cheti hicho humwondolea ushuru wa forodha. Vibali vya afya ya mimea na samaki bado vinatakiwa. Asiyejua kusoma huambiwa "toa hela" akatoa. Wewe unajua kusoma. Uliza orodha, soma cheti, dai stakabadhi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Hatusemi nchi isitoke kamwe katika jumuiya inayoipunja. Malalamiko ya Tanzania yalikuwa na ukweli. Tunasema kabla ya kuvunja, ihesabiwe gharama, na iulizwe ni nani atakayeilipa.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Ni mali gani za kijiji chetu zinauzwa nje ya mpaka, na zipi tunazonunua kutoka huko?
2. Mnunuzi akipunguza bei ya nazi akisingizia ushuru, tutajuaje kama anasema kweli?
3. Waulizeni wazee: mpaka ulipofungwa mwaka 1977, ni kitu gani kilianza kuadimika hapa?