Kuita Watu kwa Ngoma: Kitenzi "drum up" na Tafsiri Yake

Miongoni mwa vitenzi vya Kiingereza vinavyowatatiza wafasiri wetu kimo kitenzi "drum up". Asili yake ni ngoma. Zamani askari wa Uingereza waliotumwa kuandikisha vijana jeshini waliingia mijini na vijijini wakipiga ngoma. Watu walipokusanyika, ndipo walipoanza kuwashawishi. Baadaye ngoma iliachwa, neno likabaki. Huko Marekani, katika karne ya 19, hata mchuuzi aliyezunguka mji hadi mji akiitafutia kampuni wateja aliitwa mpiga ngoma, ingawa hakubeba ngoma yoyote. Leo kitenzi hicho chamaanisha kutafuta kwa bidii watu, fedha au uungaji mkono.

Mfasiri afuataye neno kwa neno huandika: "Katibu alipiga ngoma ili apate wanachama." Sarufi haina kosa, lakini maana imepotea. Msomaji atadhani palikuwa na mchezo, kwani kwetu ngoma ni ala, na ni mchezo pia.

Hata hivyo, kuita watu kwa ala si jambo geni kwetu. Katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, ngoma na baragumu vilikuwa na kazi yake. Richard Burton, aliyefika Tabora mwaka 1857, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1860 jinsi kirangozi alivyotangulia na bendera, akifuatwa na mpagazi apigaye ngoma. Sauti hizo hazikuwa za burudani. Ziliwaambia wapagazi kwamba safari imeanza.

Kiswahili nacho kimehifadhi kumbukumbu ya namna hiyo katika usemi "kupiga mbiu". Mbiu ni pembe, aghalabu ya nyati, iliyopulizwa ili watu wasikie tangazo. Wahenga walisema: mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Mgambo hapo ni tangazo la wote. Siku hizi neno hilo latumika pia kwa askari wa akiba waitwao kulinda umma. Jina la mwito limekuwa jina la walioitwa.

Je, basi tutumie "kupiga mbiu" kila mahali? Hatushauri hivyo. Kupiga mbiu ni kutangaza tu. Kitenzi cha Kiingereza chataja juhudi ya kupata. Twapendekeza mfasiri aangalie kinachotafutwa. Kwa fedha, aandike "kuchangisha". Kwa wateja, "kutafuta wateja". Kwa wananchi, "kuhamasisha". "Kupiga mbiu" kuachiwe mahali penye mwito wa hadhara.

Tofauti hizi si ndogo. Taarifa ya Kiingereza ikisema kwamba mweka hazina yumo katika kutafuta fedha za kujenga zahanati, nasi tukaandika "amekusanya fedha", tumemtwika deni la kujibu mbele ya wakaguzi na wanakijiji. Tukiandika "anachangisha fedha", tumesema kweli: kazi inaendelea, na kiasi kilichopatikana hakijatajwa.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua neno, mfasiri na ajiulize mambo mawili: ni nini kinachotafutwa, na je, kimekwisha kupatikana? Akipata majibu, Kiswahili hakitamnyima neno.