Kiu ya Mama Mwenye Mimba

Mwezi huu twataka kusema na wenye nyumba, na walimu pia, juu ya ugonjwa ujifichao ndani ya mimba, yaani ugonjwa wa sukari.

Tuanze na kiu. Huku Shinyanga wakati wa kiangazi kila mtu huona kiu, na mama mwenye mimba huamka usiku kwenda haja ndogo hata akiwa mzima kabisa. Tena huchoka. Basi akisema, "Nanywa maji wala kiu haiishi," mama mkwe humjibu kwamba ndivyo mimba zilivyo. Pengine asema kweli. Lakini kiu, mkojo mwingi na uchovu ni dalili pia za sukari iliyozidi katika damu, nazo zafanana na mambo ya mimba kama pacha na pacha. Zikipita kiasi alichozoea katika mimba za kwanza, au macho yakiona ukungu, au mwasho wa sehemu za siri ukipona na kurudi, asingoje. Na wengi wenye ugonjwa huu hawaoni dalili hata moja.

Sababu yake ni hii. Kondo la nyuma hutoa vitu vizuiavyo kazi ya insulini, ambayo hutoka katika kongosho na kuusaidia mwili kuitumia sukari. Kongosho la mama wengi huongeza bidii likashinda. La wengine hushindwa. Ndipo sukari ya mama humfikia mtoto kwa wingi, naye hunenepa kupita kiasi.

Hapa twapenda kukaa kidogo. Katika nchi ya Wasukuma, kama kwingineko, mtoto mkubwa hupokewa kwa vigelegele, wala hatumlaumu mtu kwa furaha hiyo. Lakini mtoto wa kilo 4 au zaidi ni habari ambayo mkunga wa mimba ijayo hana budi kuijua. Mtoto wa namna hiyo aweza kukwama mabega wakati wa kuzaliwa. Na sukari isipotunzwa, mtoto aweza kufa tumboni. Hapo ndipo maneno mabaya huanza. Sote twajua jinsi vikongwe wa Shinyanga na Geita walivyosingiziwa uchawi, hata wengine wakauawa, kwa misiba isiyokuwa na mkono wa mtu. Mama aliyezaa mfu na apimwe damu mimba nyingine ikiingia. Pengine bibi wa jirani ataokoka pamoja na mtoto ajaye.

Mtu asiseme kwamba haya ni maradhi ya Dar es Salaam. Tangu mgodi mkubwa wa sasa wa Geita uanze kutoa dhahabu mwaka 2000, miji imekua upesi, na Kahama vivyo hivyo. Pikipiki imeshika mahali pa miguu, na soda mahali pa maji.

Kupima mkojo peke yake hakutoshi, yapasa damu. Kwa kawaida hupimwa kati ya juma la 24 na la 28: mama hufika asubuhi kabla ya kula, hutolewa damu, hunywa maji yenye gramu 75 za glukosi, kisha hupimwa tena baada ya saa 1 na saa 2. Aliye mnene, au mwenye mzazi mgonjwa wa sukari, au aliyezaa mtoto mkubwa, aulize siku ya kwanza ya kliniki, na zahanati ikikosa kipimo aombe kuelekezwa hospitali.

Wengi hutulia kwa chakula na kwa kutembea. Asijinyime kula, bali apunguze. Michembe ni tamu, nasi twaipenda sana, lakini ni viazi vilivyokaushwa, utamu wake umejikusanya. Ale kidogo pamoja na karanga, siyo bakuli zima. Akiandikiwa sindano za insulini asiogope, hazimdhuru mtoto.

Mtoto akizaliwa anyonyeshwe katika saa ya kwanza, kwa maana sukari yake yaweza kushuka ghafula. Mama apimwe tena kati ya juma la 6 na la 12, hata akijiona mzima, kwa kuwa ugonjwa huu aghalabu huondoka na mimba lakini waweza kurudi baadaye ukakaa. Na baba aweke nauli mapema, maana masika njia za machimboni hazina huruma.